Kobe wa Makongeni na baridi ya Julai

Mwezi wa saba mwaka 2003, nikiwa na miaka 11, nilimuua kobe wa babu yangu. Sikumpiga, sikumnyima chakula, wala sikumwangusha. Nilisoma kitabu, nikafanya kile kilichoandikwa humo, hatua kwa hatua, kama mtoto mzuri.

Kobe aliitwa Mizigo. Babu alikuwa gadi wa treni za mizigo, zile ambazo zikikutana na treni ya abiria lazima zikae pembeni zingoje mheshimiwa apite. Mwaka 1976 treni yake ilikuwa inangoja hivyo Mtito Andei, katikati ya Mombasa na Nairobi, babu akashuka kunyoosha miguu. Kando ya reli akamwona kobe mdogo, hata ukubwa wa kikombe cha chai hajafika, mgongo una madoa meusi na manjano kama chui. Akamtia kwenye sanduku lake la kazi pamoja na taa na bendera, wakaja naye hadi Nairobi. Jina lilipatikana njiani: mwendo wake ulikuwa wa treni ya mizigo, na mzigo wake alikuwa ameubeba mwenyewe.

Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Shirika la Reli la Afrika Mashariki likavunjika nalo. Babu alilala akiwa mfanyakazi wa nchi tatu, akaamka akiwa mfanyakazi wa nchi moja. Mizigo hakuambiwa.

Kama hujawahi kufika Makongeni, ukitoka tao unafuata Jogoo Road, unapita City Stadium, unapita Kaloleni, na hapo umefika jirani. Ulikuwa mtaa wa nyumba ndogo zilizopangwa kwa mistari, zilizojengewa wafanyakazi wa reli, na reli yenyewe ilikuwa karibu kiasi kwamba tukiwa wadogo tulijua treni inakuja kwa vikombe kulia kabatini. Jina lasema ni mahali pa makonge. Mkonge wenyewe, ule wa mashambani, ni mgeni pia: Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, miche elfu moja, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Nautaja kwa sababu mkonge utarudi tena katika habari hii, ukiwa gunia.

Nyumba za reli zilikuja na kazi. Ulipewa funguo ulipoajiriwa na ulitarajiwa kuzirudisha kazi ikiisha. Kwa hiyo watu hawakujenga sana wala kupanda miti ya kudumu. Walichojenga kilikuwa kile unachoweza kubomoa kwa nusu siku: kibanda cha kuku, uzio wa mabati, na kwetu sisi, kota ya Mizigo.

Babu hakuita banda. Alisema kila mfanyakazi wa reli ana kota yake, na Mizigo alikuwa amesafiri na treni kuliko baadhi ya maofisa.

Acha niieleze vizuri, maana ilinichukua miaka ishirini kuelewa ilikuwa na akili kiasi gani. Iliegemea ukuta wa mawe upande wa mashariki wa nyumba. Upande wa pili wa ukuta huo, ndani, ndipo nyanya alipoweka jiko la makaa. Mawe yakishika moto jioni, yanauachilia polepole mpaka usiku wa manane, na nusu ya moto huo ulikwenda nje kwa Mizigo. Kuta nyingine mbili zilikuwa za mawe mabovu ya kujengea. Paa lilikuwa la mabati, lakini juu ya mabati kulikuwa na turubai, na juu ya turubai udongo, kwa sababu mabati matupu usiku wa baridi hutoa jasho na kumdondoshea aliye chini. Sakafu iliinuliwa kwa mbao, kama kiganja kimoja kutoka ardhini, maji yapite chini yake. Juu ya mbao kulikuwa na nyasi kavu ambazo babu alizibadilisha kila Jumapili. Na mlangoni lilining'inia gunia la katani, limechanwa kama pazia, Mizigo ajisukumie ndani na upepo ubaki nje. Mlango ulitazama mashariki. Jua likitoka Nairobi nzima bado imejifunika blanketi, mtu wa kwanza kulipata Makongeni alikuwa kobe.

Tatizo la Julai ni kwamba hilo jua halitoki.

Watu wa nje hawaamini tukisema Nairobi ni baridi. Wanaona mstari wa ikweta kwenye ramani na kutucheka na boshori zetu. Lakini stesheni ya Nairobi iko takriban mita 1,660 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane upepo wa kusi unaotoka baharini huja na unyevu, unapanda nyanda za juu, na kugeuka wingu zito la kijivu linaloweza kukaa juu ya mji siku nzima. Usiku nyuzi zinashuka hadi 11 au 12. Hizo si nyuzi za kutisha. Kuna kobe wanaovumilia usiku baridi kuliko huo kule porini. Ila porini usiku baridi hufuatwa na asubuhi ya jua kali, na kobe huota mpaka damu ichangamke. Julai ya Nairobi inakupa usiku wa baridi, kisha inakupa mchana unaofanana na usiku. Mtito Andei, alikotoka Mizigo, iko chini ya nusu ya kimo hicho. Babu alikuwa amemleta mlimani mtu wa nyikani.

Kobe hana moto wake mwenyewe. Mimi na wewe tukila ugali tunageuza ugali kuwa joto. Kobe lazima akope joto kwa jua, kwa jiwe, kwa chochote. Asipolipata, hata tumbo linasimama. Babu alilieleza hivi: “Tumbo lake hupikwa na jua. Jua hakuna, chakula kinaozea humo ndani.” Kwa hiyo Julai alikuwa na taratibu zake. Asubuhi aligusa miguu ya Mizigo kwa mgongo wa kiganja. Kufika saa nne kama wingu halijapasuka, alimbeba akamweka karibu na jiko, mlango ukiwa wazi kwa sababu ya moshi, mpaka macho yafunguke vizuri. Hapo ndipo alipopewa nyasi na majani machache. Kumwosha, mwezi huo, ilikuwa marufuku. Hakuna mahali babu aliposoma haya. Alikuwa ameishi na mnyama huyo miaka 27 akimtazama, na kumbe kutazama ni elimu. Sisi wengine ndani ya nyumba tuliona ni mchezo wa mzee aliyestaafu.

Juni ile ya 2003 babu na nyanya walienda mashambani, kulikuwa na matanga na kesi ya mpaka wa shamba, na mambo ya mpaka hayaishi wiki moja. Nilibaki na mama. Babu aliniachia Mizigo. Aliniambia yote niliyoeleza hapo juu, na mimi niliitikia “sawa babu” kwa kila kitu huku nikiwaza mpira.

Halafu nikapata kitabu. Kilikuwa cha mitumba, kutoka Uingereza, cha watoto, kuhusu kufuga wanyama, karatasi nene na picha za rangi. Kulikuwa na ukurasa mzima wa kobe. Majira ya baridi yakikaribia, kilieleza, mwache kobe bila chakula kwanza, kisha mtie ndani ya boksi lenye majani makavu na karatasi zilizochanwa, funika, weka mahali pakavu pasipo na joto, usimsumbue mpaka majira mapya. Mtoto kwenye picha alikuwa na sweta. Mimi pia nilikuwa na sweta.

Na hapa lugha ilinisaliti kidogo. Neno la Kiingereza la majira yao ya baridi, shuleni tulifundishwa kwamba ni kipupwe. Sasa kipupwe ni nini? Ukimuuliza mtu wa Pwani, ni ule ubaridi wa miezi ya kusi, Juni hadi Agosti hivi, wakati bahari imechafuka na usiku unatafuta shuka. Si theluji, si miti iliyokufa nusu, si maziwa yaliyoganda. Lakini kamusi inataka kila neno liwe na mwenzake, basi kipupwe kikaozeshwa kwa baridi ya Ulaya, na mimi nikasoma nikaona: ni sasa. Ni Julai. Kitabu kinasema mwezi huu huu.

“Mizigo ako wapi?” mama aliuliza siku ya pili.

“Amelala. Kobe hulala baridi ikiingia.”

“Nani amekwambia?”

“Iko kwa kitabu, mum.”

Mama alikuwa analipa karo kwa kuuza maandazi. Kitabu kwake hakikuwa kitu cha kubishana nacho. Alitingisha kichwa akaendelea kukanda unga.

Boksi lilikuwa chini ya kitanda changu, juu ya sakafu ya saruji. Usiku wa kwanza nilisikia akikwaruza. Usiku wa pili pia, na wa tatu. Nilijiambia anatandika kitanda. Usiku wa nne kukawa kimya, na nilifurahi sana, nilifurahi kabisa, kwa sababu kazi yangu ilikuwa imefanikiwa.

Nimekuja kujua baadaye kitabu kile kilikuwa kinamzungumzia kobe gani. Kobe anayejulikana zaidi katika maandishi ya Kiingereza ni Timothy, aliyeishi na kasisi Gilbert White katika kijiji cha Selborne, kusini mwa Uingereza. Timothy alikuwa wa shangazi yake White. Shangazi alipofariki mwaka 1780, White alimchimbua kobe kutoka ardhini mwezi wa tatu, akamsafirisha kwa gari la farasi hadi kwake. Msukosuko wa njiani ukamwamsha kabisa. White alimwandika kwa miaka: anaingia ardhini Novemba, anatoka Aprili; alimpima uzito; alimpigia kelele kwa tarumbeta ya kusemea aone kama anasikia. Kitabu chake kuhusu viumbe vya Selborne kilitoka mwaka 1789 na hakijaacha kuchapishwa. White alikufa 1793, Timothy akamfuata mwaka mmoja baadaye, na gamba lake bado liko kwenye jumba la makumbusho London. Wataalamu walipolichunguza waligundua Timothy alikuwa jike. Miaka yote ya kutazamwa, na hilo likawapita.

Timothy alikuwa wa aina ya kobe wanaopatikana kuzunguka Bahari ya Mediterania, na hao kweli hulala majira ya baridi. Ni sehemu ya miili yao. Baada ya Timothy walikuja wengine wengi mno: katika karne ya 20 kobe wa Moroko na nchi jirani walipakiwa melini kwa mamia ya maelfu, wakauzwa sokoni na madukani Uingereza kama vile sisi tunavyouziwa vifaranga. Wengi hawakumaliza hata baridi ya kwanza. Ndipo elimu ya boksi ikawa lazima. Kipindi cha watoto cha televisheni ya BBC, Blue Peter, kilikuwa na kobe wake, na kila mwaka baridi ikikaribia watangazaji walimtia kwenye boksi mbele ya kamera ili watoto wa nchi nzima waige. Biashara ile ya kobe wa porini ilipigwa marufuku na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1984. Marufuku ilifika, vitabu vya zamani vilibaki, vikaingia kwenye marobota ya mitumba pamoja na makoti, vikashuka Mombasa.

Kitabu hakikudanganya, na nataka kukitendea haki. Kilichosemwa kilikuwa kweli kwa kobe mwingine.

Kobe wa Mizigo, hawa wenye madoa ya chui wanaopatikana kutoka Sudan na Ethiopia hadi Afrika Kusini, hawalali majira ya baridi. Hawana huo usingizi. Baridi ikizidi hupunguza mwendo na kujibanza chini ya kichaka au kwenye shimo lililoachwa na mnyama mwingine, lakini jua likitoka wanatoka nalo. Waingereza wanaowafuga siku hizi huwajengea vibanda vyenye taa na hita, umeme ukiwaka miezi yote ya baridi. Yaani kile babu alichofanya kwa jiko na ukuta. Ukimtia kobe huyu kwenye boksi la baridi hapumziki, anaganda akiwa macho. Chakula kinaoza tumboni. Mapafu yanajaa, na kobe hana uwezo wa kukohoa kama sisi, kwa hiyo kilichoingia hakitoki.

Na mahali pengine makazi ya kobe ni kinga dhidi ya kitu kingine kabisa. Mwaka 1919 gavana wa Kiingereza wa Shelisheli alipeleka Zanzibar zawadi ya kobe wanne wakubwa wa Aldabra, wakawekwa kisiwa cha Changuu. Kule kwao Aldabra adui ni jua: kobe asipopata kivuli mchana hufa kwa joto. Changuu waliongezeka hadi kufika 200 hivi mwaka 1955. Kisha watu wakaanza kuwaiba, wa kuuza nje na wa kula, mpaka mwaka 1996 walibaki saba. Hao waliobaki walihitaji ukuta na mlinzi kuliko kivuli. Haller Park pale Bamburi yuko Mzee, naye wa Aldabra, yule aliyejulikana dunia nzima baada ya mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004 kumfanya mama yake. Nilipoona picha zao magazetini nilikuwa darasa la saba. Kila mtu darasani alisema waa, ni wazuri aje. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje.

Nililifungua boksi Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Jua lilikuwa limetoka, la kweli, na nikaona majira mapya yamefika. Mizigo alikuwa ametoa shingo yote nje, mdomo wazi, mapovu puani, macho yamezama. Alikuwa hai bado. Nilimkimbiza kwenye kota, nikamlaza juani, nikamletea sukuma wiki na kipande cha nyanya, vitu ambavyo babu angenichapa kwa kumpa. Mama aliwasha jiko mchana, makaa yakiwa bei ile, akalisogeza ukutani bila kuniambia neno. Jumapili usiku alikufa.

Babu alirudi Jumanne. Hakufika hata kuketi. Aliona gunia limefungwa juu ya mlango wa kota akajua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliomba akione kitabu, akavaa miwani, akasoma ukurasa wote wa kobe polepole, kidole kikifuata mstari.

“Hapa pameandikwa vizuri,” alisema. Kisha, baada ya muda: “Mimi ndiye nilimtoa Mtito. Wewe ulimtia boksi mwezi mmoja. Mimi nilimtia miaka 27.”

Sikukubaliana naye wakati ule, nilidhani ananihurumia. Sasa nadhani alikuwa anahesabu tu. Leo sheria iko wazi: Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inataka uwe na kibali cha kufuga mnyama wa porini, hata kobe, na hata gamba lake ukilikuta na kulibeba unaweza kujikuta mahakamani. Ukitaka kuwaona kwa amani nenda bustani ya nyoka ya makumbusho ya Nairobi, iko pale tangu 1961. Lakini mwaka 1976 gadi wa treni alimwona kiumbe kidogo karibu na chuma, akadhani anamwokoa, na labda siku ile alimwokoa kweli. Baada ya hapo kila Julai alilipa deni lake kwa nyasi kavu na makaa.

Tulimzika Mizigo usiku, chini ya ukuta, upande wa mashariki. Miaka mitatu baadaye nyumba za reli za Makongeni zilihamishiwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, kukawa na barua, kukawa na mikutano, kukawa na wasiwasi wa miaka mingi, na sisi tukahama mapema kwa sababu babu hakutaka kungoja kuambiwa. Kota aliibomoa mwenyewe kwa nusu siku, kama ilivyopangwa. Mabati tuliuza, mbao zikawashia chai ya siku ya kuhama. Gunia la katani alilikunja, akalifunga kwa kamba, akaondoka nalo.